Ngome ya Juu na Mabati ya Mama

Jumamosi, 3 Februari. Asubuhi manyunyu, baadaye jua hafifu.

Mdogo wangu Nyaya,

Salamu nyingi. Huku hatujambo. Mama hajambo isipokuwa goti, na goti lenyewe humzidi vyombo vikiwa vichafu. Binti yangu ameandika kutoka kwa mumewe, anasema ameshazoea. Shule mbili zimeleta vipimo vya sare kwa wakati mmoja, kwa hiyo cherehani haipoi. Wifi yangu je? Barua iliyopita ulisema yuko kwao kwa muda. Akirudi mpe salamu zangu.

Diski imefika. Juu ya bahasha uliandika USIKUNJE kwa herufi kubwa, na watu wa posta wameikunja kidogo tu. Nimeiingiza kwenye ile kompyuta uliyoniletea kwa ajili ya hesabu za wateja, ambayo sasa inahifadhi majeshi, na nimeukuta msimu wako wa kwanza. Nimecheza wa kwangu. Diski naifunga humu.

Ili tusije tukageukana, naandika tena tulivyokubaliana siku ile ulipoondoka kwa hasira na begi la Mama likabaki mlangoni. Atakayeteka mji mkuu wa mwenzake ndiye atakayekaa na Mama. Atakayeshindwa hatapiga kelele, hatamwita Mjomba, wala hatalia kwenye simu. Ngome ya Juu, ile ndogo ya katikati yenye ukuta uliobomoka, ni yetu sote: haiguswi wala haitengenezwi mpaka vita viishe, na yule jemadari mzee abaki mle mle. Paa la nyumba ya Mama linalovuja nalo tutaliangalia baadaye. Mabati bado yako uani kwake, nimeyafunika na turubai.

Mama hajaambiwa lolote. Nimemwambia mchezo huu ni mazoezi ya vidole.

Sasa mchezo wenyewe. Nakiri una akili. Askari wanakula, jambo ambalo sikulitegemea. Kila kikosi kina ghala lake, na ghala likiisha wanaanza kununa, kisha kudondoka. Kwa hiyo msimu mzima nimejenga maghala na kuta, sijamgusa mtu. Kasoro ni mbili. Wale wa mikuki wamevaa vijisketi visivyopindwa. Jeshi zima linachuruzika nyuzi mbele ya adui. Halafu yule mshauri mwenye ndevu anayejitokeza pembeni ana sentensi moja tu maishani: "Mfalme wangu, adui yu karibu." Mtu amejifungia ndani na kufuli, adui yu karibu na nini?

Dada yako.

Nimelala saa tatu na nusu. Barua naifunga asubuhi hii.


19 Februari

Dada yangu,

Barua zako zinaanza kama taarifa ya hali ya hewa na kuisha kama daftari la bweni. Siku moja nitajibu kwa kukuandikia nimekoroma saa ngapi.

Sisi hatujambo. Nasema "sisi" kwa mazoea tu. Mke wangu bado yuko kwao. Kwanza mama yake alikuwa na homa, halafu kukawa na shughuli, halafu wifi yake akajifungua. Familia ile ina mambo mengi. Dukani kazi ipo. Leo nimefungua printa ya mteja nikakuta mende wamehamia na ukoo mzima. Nimemwambia mwenyewe kwamba tatizo ni la kiufundi.

Nimecheza msimu wangu na nimeupa mchezo maksi. Picha: tisa kwa kumi. Ukiuangalia ule mto unang'aa asubuhi unataka kuoga. Sauti: nane. Tembo: sifuri.

Nilinunua tembo kumi na wawili, Dada. Wazuri, wana mapambo kichwani. Nikawapeleka mpaka kwenye lango lako, nikapuliza baragumu la kushambulia. Tembo wakaogopa baragumu. Baragumu langu mwenyewe! Wakageuka nyuma wakawakanyaga wapiga baragumu, wakawakanyaga wapanda farasi, halafu wakasimama katikati ya mto wakawa wanaoga. Waliobaki nimewaweka nje ya ukuta wako wakuzingire, lakini naona wameanza kununa, maana nafaka sikubeba. Hiyo ni kasoro ya mchezo, si yangu. Mtu umeshanunua tembo, unadaiwa tena ununue na majani?

Mwambie Mama chumba kiko tayari, kina dirisha. Yaani, usimwambie. Lakini kiko tayari.

Jambo moja: diski usiiweke karibu na ile sumaku yako ya kuokotea pini. Itafuta vita vyote tubaki tunatazamana.

Mdogo wako,
Nyaya


Jumapili, 11 Machi. Asubuhi ukungu, nguo hazikukauka.

Mdogo wangu,

Salamu. Barua yako imechelewa wiki mbili posta. Nashukuru Mungu binti yangu hajambo. Alisema atakuja mwezi huu, sasa anasema mwezi ujao. Mama hajambo. Goti limepungua, ila nimemkataza ngazi, jiko na barabara ya magari.

Jeshi lako limekufa njaa nje ya lango langu. Sikurusha hata mshale. Walidondoka mmoja mmoja huku askari wangu wakiwatazama kutoka ukutani, wameshiba. Waliobaki ni arobaini na mbebaji wa bendera. Sijawafukuza, nimeongeza kufuli.

Sasa sikiliza lililotokea. Mama alikuwa ameketi nyuma yangu akitoa uzi wa mshono wa zamani kwenye kaptura. Nilidhani hatazami. Akauliza, "Wale waliolala nje ya geti ni kina nani?"

"Jeshi la Nyaya, Mama."

"Mbona wamekonda?"

"Hakuwabebea chakula."

Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Na huyo ndiye anayetaka nikakae kwake."

Mkasi uliniponyoka, Nyaya. Nikamuuliza nani kamwambia. Akasema, "Mlisimama mlangoni mkapigiana kelele, begi langu katikati. Mlidhani mwenye masikio ni begi?"

Kwa hiyo anajua. Anajua kila kitu, hata Ngome ya Juu. Hakukasirika. Alivuta kiti karibu akaniambia nimtafsirie anachosema yule mwenye ndevu. Nilipomwambia alicheka mpaka akashika goti. Tangu siku hiyo nikichelewa kuwasha kompyuta ananiita: "Adui yu karibu!"

Ya nafaka sijamfundisha mimi. Kaiona kwa macho yake. Nadhani vita hivi vina dalili ya mshindi.

Dada yako.

Nimelala saa tatu na dakika ishirini.


2 Aprili

Dada yangu,

Usishangilie mapema. Nimetuma mpelelezi.

Kwanza salamu. Mke wangu amepiga simu dukani. Anasema atarudi nikibadilisha tabia. Nilimuuliza tabia ipi, akakata. Sasa nitabadilisha ipi na ninazo nyingi? Nimeanza na kulala mapema. Chakula cha jioni ni mkate na chai, na siyo kwamba nalalamika, mkate ni mzuri.

Mpelelezi ndicho kitu bora kuliko vyote ndani ya mchezo huu, na hapa natoa kumi kwa kumi bila kinyongo. Anaingia mjini amevaa kama muuza vyungu, anarudi na takwimu. Kumbe kila mji una namba ya shibe na namba ya furaha. Shibe ya mji wako ni asilimia mia moja. Furaha, Dada, ni asilimia kumi na moja. Wananchi wako wananenepa ndani ya kufuli. Umefunga mageti yote manne, umefunga soko, na uwanja wa maonyesho umeugeuza ghala. Mpelelezi wangu alipokuwa anatoka watu walimshika shati.

Nakuuliza kwa heshima: Mama anatoka? Simaanishi kwenda chumba cha mbele kutazama cherehani. Mara ya mwisho alipita lini hata mtaa wa tatu akaiona nyumba yake?

Wale arobaini nimewarudisha nyumbani. Nimewapa nafaka. Walikula wakalala msimu mzima, kwa hiyo sina cha kukupiga nacho kwa sasa.

Yule jemadari mzee wa Ngome ya Juu anatuma ujumbe kila msimu anaomba mafundi wa ukuta. Mchezo unatoa vitufe viwili, "Tuma mafundi" na "Baadaye". Nimebonyeza "Baadaye", kama tulivyokubaliana. Nawe fanya hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Nyaya


Jumamosi, 21 Aprili. Jua kali tangu asubuhi.

Nyaya,

Salamu. Hatujambo.

Barua yako niliisoma nikaiweka kwenye droo ya vifungo. Sikukusudia Mama aione. Lakini alikwenda kutafuta kifungo, akavaa miwani, akaisoma yote. Nikasubiri aseme umezidisha. Akasema, "Kumi na moja? Mimi ningeandika tisa."

Nilimuuliza amekosa nini hapa kwangu. Analala kitanda cha binti yangu, chenye godoro jipya. Chai anapata kabla hajaomba. Akasema, "Hicho ndicho nilichokosa. Kuomba. Kukataa. Kuunguza sufuria yangu mwenyewe." Kisha akaomba nimwonyeshe namna ya kushika kipanya.

Nimefungua mageti yote manne. Nilitaka kuona namba ya furaha inapanda, na kweli imepanda, kwa sababu watu wameondoka. Wametoka mamia na mbuzi wao, wakapanda kilima mpaka Ngome ya Juu! Hii naiandika kama kasoro ya mchezo. Haiwezekani mtu mwenye akili aache ghala lililojaa akakae kwenye ukuta uliobomoka na mzee asiye na hata mkuki. Waliotengeneza mchezo huu hawajui watu. Mama anasema wanajua.

Jemadari mzee ameomba mafundi tena. Mama alikuwa na kipanya mkononi. Nilimwambia tuna makubaliano, nikaushika mkono wake, tukabonyeza "Baadaye" pamoja.

Mengine ni madogo. Fundi wa paa wa mtaa wa pili alikuja kuchukua suruali yake. Ilikuwa tayari, lakini alikaa barazani na Mama mpaka kivuli kikahama. Sijui wana lipi la kuzungumza. Halafu Mama akaazima utepe wangu wa kupimia, na hajaurudisha.

Dada yako.

Nimelala saa nne na robo. Joto.


14 Mei

Dada! Tumepinduliwa!

Salamu zitafuata. Nimefungua diski yako nikakuta Ngome ya Juu ina bendera ya zambarau. Si yako, si yangu. Nikadhani kioo cha kompyuta kimeharibika, nikakifuta. Zambarau. Ukuta umejengwa mpya, umepakwa chokaa, na yule mzee amekaa kwenye kiti ana taji. Amefunga barabara ya kilimani, na unajua barabara ni ile ile moja. Mimi siwezi kufika kwako, wewe huwezi kufika kwangu. Jeshi langu lilipojaribu kupita, yule mwenye ndevu alijitokeza, na kwa mara ya kwanza maishani akasema sentensi nyingine: "Mfalme wangu, hukuulizwa."

Nimekisoma kitabu cha maelezo. Imeandikwa ukurasa wa mwisho, kwa herufi za kusomwa na sisimizi: mji ukikaa misimu sita bila amri wala matengenezo, unajitawala wenyewe. Misimu sita! Nimehesabu, ni barua zetu. Naiita kasoro kubwa kuliko zote. Tembo nimewasamehe, vijisketi nimevisamehe, lakini mzee aliyekaa kimya muda wote ataibukaje mshindi wa vita ambavyo hakupigana?

Napendekeza hivi. Tuache ugomvi wetu msimu mmoja. Wewe lete nafaka, mimi nilete tembo (nimenunua wengine, hawa ni viziwi, nimeuliza), tuivunje ngome, kisha tuendelee kupigana kwa amani kama zamani.

Mke wangu hajapiga tena. Ninalala mapema kila siku na hakuna anayeona.

Mama anasemaje? Msomee barua hii. Yeye hujua watu wa aina hiyo.

Mdogo wako,
Nyaya


Jumapili, 3 Juni. Asubuhi mawingu mazito. Tangu saa nane mchana mvua kubwa.

Mdogo wangu Nyaya,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Binti yangu hajambo. Kaa chini kabla hujaendelea.

Jumanne nilikwenda kupeleka sare shuleni. Niliporudi, kitanda cha binti yangu kilikuwa kimetandikwa, shuka limekunjwa pembe kama la hoteli, na begi halipo. Juu ya meza ya kukatia vitambaa kulikuwa na diski yetu, na kando yake, shubiri moja tu, ile sumaku ya pini. Hakuandika neno. Ilitosha. Nimeihamisha diski kwanza, kisha nikakimbia.

Mtaa wa tatu niliisikia nyundo. Fundi wa paa alikuwa juu, amevaa suruali niliyomshonea mimi. Mama alikuwa chini ameshika ngazi kwa mkono mmoja na utepe wangu kwa mkono mwingine, anamwelekeza: "Hapo bado panaona mwanga. Hapo pia." Mabati yale yale, Nyaya, yaliyolala uani chini ya turubai langu. Nilimuuliza fundi kazi imechukua muda gani. Akasema ameanza baada ya chai, na ana hakika atamaliza kabla ya chakula cha mchana. Kazi ya asubuhi moja. Sisi tumeipigania tangu mwaka jana.

Nikamwambia, "Mama, si ungesema tu?"

Akaiachia ngazi. Fundi alipiga kelele huko juu. Mama akaishika tena, akasema, "Nilisema. Nilisema kwako, nikasema kwa mwenzako kwenye simu. Mlibonyeza baadaye."

Nikashika upande wa pili wa ngazi.

Jioni hiyo nilimsomea barua yako, ya bendera ya zambarau na tembo viziwi. Alicheka mpaka fundi, aliyekuwa amerudi kunywa chai, akacheka bila kujua kwa nini. Kisha akasema nikuandikie maneno yake kama yalivyo, nisipunguze, na nimeyaandika pale pale:

"Mwambie mwanangu, wa kufuatwa ni mkewe, si mama yake. Aende mwenyewe. Abebe chakula. Asiende na tembo, na asipulize baragumu. Akifika getini asubiri afunguliwe. Asipofunguliwa arudi kesho."

Nikadhani lawama umebeba wewe peke yako. Akanigeukia. "Na wewe. Mtoto wako ameolewa, hajatekwa. Acha kunitandika mimi kwenye kitanda chake."

Hilo nilitaka kulipunguza lakini ameniambia anasoma kabla sijafunga.

Kuhusu kuivunja ngome, jibu langu ni hapana. Nafaka yangu haitoki. Msimu wangu nimecheza hivi: nimetuma mjumbe mmoja bila silaha, nimempa kitambaa awe nacho kama zawadi. Mfalme wa zambarau amejibu: "Wageni wanakaribishwa. Majeshi yabaki chini ya kilima." Nimempitisha mjumbe peke yake, na amefunguliwa. Nilipoangalia, furaha ya ngome ile ni asilimia tisini na mbili. Shibe ni hamsini. Mchezo nauongezea maksi mbili na kasoro ya wale watu na mbuzi wao naifuta. Ya vijisketi inabaki.

Diski iko humu. Zamu ni yako. Barabara iko wazi kwa atakayetembea kwa miguu.

Barua hii naiandikia mezani kwa Mama. Mvua ilipoanza niliifunika cherehani nikaja na beseni, maana bati jipya haliaminiki mpaka lipigwe na mvua ya kwanza. Mama alifungua mlango nusu. Akalitazama beseni. Akaniuliza nimekuja kama mgeni au kama jeshi. Nikamwambia mgeni. Akaniambia nisubiri kidogo barazani, na nikasubiri, nikilowa, mpaka alipokuwa tayari. Wali ameuunguza chini. Amekula kwa furaha sana.

Nimetandika mkeka chini ya pale palipokuwa panavuja, nikaweka beseni kando ya kichwa changu, nikalala chali nasikiliza. Kama lingedondoka tone moja tu, ningekuwa na haki ya kumwambia afunge begi.

Mama alilala saa mbili na nusu. Beseni ni kavu. Mimi nimelala saa saba na robo.